Mama Msifagie na Njia za Kuzunguka Jiwe

Treni ilikuwa haijasimama sawasawa wakati binti wa kaka yake alipomwona Mama Msifagie kupitia dirishani: mwanamke mwembamba kwenye kiti cha magurudumu, miwani imening'inia kifuani, akimkagua kila abiria anayeshuka kuanzia miguuni. Ilikuwa Machi 2022. Binti huyo alikuwa amezoea kushuka katika miji asiyoijua, maana ndiyo kazi yake, kusafiri na kuandika aliyoyaona. Mji huu hakuwahi kuufikia, kwa kuwa siku zote shangazi ndiye aliyekwenda kwao.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Soli zako zimeliwa kisiginoni. Mtu anayetembea hivyo ana haraka ya kufika, na akifika anataka kuondoka. Mizigo yako iko wapi?"

"Ni huu mkoba tu."

"Nilijua. Haya, sukuma. Na usimwambie mzee nimekuitia nini."

"Umeniitia nini?"

"Sijakwambia bado, kwa hiyo hata akikubana huna la kusema."

Aliambiwa kabla hawajafika kona ya pili. Mama Msifagie alikuwa amewatengenezea wachongaji wa sanamu karakana na kumbi za maonyesho kwa zaidi ya miaka arobaini, na mchongaji mmoja tu alikuwa amemkatalia katakata. Huyo alikuwa mume wake mwenyewe. Sasa miguu ilikuwa imekufa na daktari alishasema pumzi itafuata. Kabla haijafuata, alitaka kuzitengenezea kazi za mumewe ukumbi mmoja.

Wasifu huu umeanzia stesheni kwa sababu mwenyewe alipoulizwa alisema, "Msianze na kuzaliwa, kuzaliwa kila mtu amezaliwa." Lakini kwa kuwa leo hayupo wa kutukemea, tutarudi nyuma kidogo.

Alizaliwa Jumapili, tarehe 14 Juni 1953, mtoto wa kwanza kati ya wawili. Baba yake alikuwa mwashi na mama yake mshona nguo. Waliishi vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, ambako kila kitu, hata mkate, kilikuwa na vumbi la saruji juu yake. Jioni baba akirudi, binti alikuwa akitoka barazani kutazama nyayo zake nyeupe kabla ya kumtazama usoni. Nyayo zikiwa zimekanyagwa imara, alimkimbilia. Zikiwa za kuburuta, alimwambia mdogo wake wasimsemeshe baba mpaka ale. Hakukosea hata mara moja. Kutoka kwa mama alijifunza jambo jingine, kwamba kitambaa hakikatwi kabla mtu hajasimama mbele yako, hajainua mikono na hajageuka. Vilevile akiwa na umri wa miaka saba aliweza kusema ni nani aliyeingia kwenye sukari, kwa kutazama unga wa ngano uliomwagika chini ya rafu. Kaka yake, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya, anaomba ieleweke kwamba hata leo anasema hakuwa yeye.

Alisoma shule ya msingi mtaa wa pili kutoka nyumbani, kisha sekondari ya bweni ya wasichana, na mwaka 1972 akaingia chuo cha ufundi kusomea uchoraji wa majengo. Darasani wasichana walikuwa wawili. Mwalimu wa mwaka wa kwanza aliwapa kazi ya kuchora jiko la nyumba ya kawaida. Wenzake walileta kuta, madirisha na milango. Yeye alileta karatasi yenye mistari inayopindapinda kama nyuzi zilizoanguka.

"Kuta zako ziko wapi?" mwalimu aliuliza.

"Mwalimu, huyu anayepika anatumia mkono wa kulia au wa kushoto?"

"Nitajuaje?"

"Basi na mimi nitajuaje kuta zikae wapi?"

Alipewa sifuri, na akaitundika juu ya kitanda chake mpaka alipomaliza chuo, mwaka 1975, akiwa wa kwanza katika darasa lake.

Ofisi ya kwanza iliyomwajiri ilichora maduka na kaunta za benki. Alikaa huko miaka minne, akichora kaunta ambazo, kwa maneno yake, zilikuwa na kazi moja tu, kumzuia mtu asifike anakokwenda. Mwaka 1979 alitumwa nyumbani kwa mzee mmoja mchonga mbao, akapime sanamu zilizotakiwa kupangwa kwenye ukumbi wa hoteli. Aliingia karakana akakuta maranda yamejaa sakafuni hadi kifundoni, na katikati ya maranda hayo, kulizunguka gogo lililokuwa likigeuka kuwa mwanamke anayesuka ukili, kulikuwa na njia. Njia hasa, iliyokanyagwa ikashikana. Mzee alikuwa akizunguka kwa kushoto, anasimama usawa wa bega, anachuchumaa, anarudi nyuma, anaanza tena. Mama Msifagie alisahau kabisa alichotumwa. Aliinakili ile njia kwenye karatasi, akarudi ofisini na kuchora ukumbi ambao mgeni akiingia angepita alipopita mzee na kusimama aliposimama. Pale mzee alipokuwa akichuchumaa, aliweka vigoda.

Siku ya ufunguzi mgeni rasmi, mtu mzito mwenye suti ya kubana, alikikalia kigoda kimojawapo na ikabidi watu wawili waitwe kumwinua. "Ngojeni kwanza," aliwaambia walipomshika makwapani. "Huyu mama kumbe ana mikono." Tangu aingie alikuwa ameona kichwa tu.

Baada ya hapo hakuchora tena kaunta. Akawa mtu wa kwenda kwenye karakana za wachongaji, kuzisoma sakafu zao, na kuwajengea mahali pa kufanyia kazi au pa kuonyeshea kazi kulingana na alichosoma. Jina lake nalo lilitokana na ukarimu wa watu. Mgeni akitarajiwa, nyumba hufagiliwa, na kila alikokwenda alikuta ufagio umemtangulia. Ikafika siku akawa anapiga kelele akiwa bado getini: "Msifagie, jamani, msifagie." Mke wa mchongaji mmoja, aliyekuwa ndio kwanza ameshika ufagio, alidhani amejiwa na mtu wa afya.

"Dada, uchafu huu unautakia nini?"

"Ndio niliokuja kuuona."

"Kama ni huo, pita na chumba cha watoto. Huko utashinda."

Mama huyo ndiye aliyelieneza jina, na halikumtoka tena. Hata mialiko ya harusi ilikuja imeandikwa hivyo.

Kazi zake ziko nyingi na wengi wenu mmepita ndani yake bila kujua. Tutataja moja tu. Fundi wa vyuma, mtu wa kuchomelea, alikuwa na kawaida ya kurudi nyuma huku akitazama kazi yake mpaka mgongo ugonge ukuta. Ukuta wenyewe ulikuwa na doa linalong'aa usawa wa mabega. Mwingine angeupaka rangi. Mama Msifagie aliubomoa. Fundi akaendelea kurudi nyuma, akatoka nje, akaenda akajikuta katikati ya mashuka ya jirani yaliyoanikwa. Jirani alimuuliza kwa upole kama huko mbele kazi zimekwisha. Hapo ndipo alipojengewa karakana ndefu na nyembamba, iliyokaa kama korido, ambayo fundi mwenyewe, aliyeko hapa leo, anasema bado ni fupi. Vijana waliokwenda kujifunza kwa marehemu aliwaambia kila mara: "Sanamu haina mbele. Ina njia. Kazi yenu ni kutoiziba."

Mwaka 1984 alikosea, na kosa lile ndilo lililomletea mume.

Mchonga mawe ambaye wote mnamjua kama Bwana Patasi alikuwa kijana bado, na alikuwa na kazi moja kubwa: mwanaume wa jiwe jeupe, amekaa, ameinama kidogo, kama anayevua viatu baada ya kutwa nzima. Huyo alikuwa baba yake, aliyefariki Patasi akiwa na miaka minne. Uso aliuchonga kwa kuhangaika, kwa kuuliza ndugu na majirani, akafuta na kurudia kwa miezi. Mama Msifagie aliombwa apange ukumbi. Naye akaomba, kama kawaida yake, karakana isifagiliwe kwa wiki nzima. Alipokuja kusoma sakafu alikuta nyayo za ndala zinaingia mlangoni moja kwa moja, hazisimami mbele ya sanamu hata kidogo, zinazunguka nyuma, na huko zimerundikana moja juu ya nyingine kama kwenye foleni ya maji. Ndala zenyewe zilikuwa mlangoni, za Patasi, soli imekatika kidoleni. Alizipima, zikalingana. Hakuuliza zaidi. Akasema moyoni kwamba kila mchongaji na wazimu wake, akaenda kupanga ukumbi.

Siku ya kufungua, watu waliingia, wakafuata njia kama maji, na wote wakaishia nyuma ya sanamu. Mbele, kwenye ule uso uliomchukua miezi, alisimama Patasi peke yake.

"Dada," alimwambia, "umewapeleka watu wote uani."

"Nimewapeleka unakosimama wewe."

"Mimi sisimami huko. Huko ni mgongo mtupu."

"Nyayo nimezipima kwa mkono wangu. Ndala zako, soli imekatika kidoleni."

"Ndala ni zangu. Lakini wiki ile nilikuwa nje namalizia jiwe jingine, nimevaa buti. Ndani sikuingia."

Wakatazamana. Mama yake Patasi alikuwa amekaa karibu, pochi mapajani.

"Msigombane," alisema. "Miguu ilikuwa yangu."

"Yako, mama?"

"Wewe ukiwa nje, mimi naingia. Ndala naazima kwa sababu sakafu yako inachoma. Naingia kumwona."

"Sasa mbona nyuma?"

"Usoni siye, mwanangu. Usinune, ulikuwa mdogo, ungemjulia wapi? Lakini mgongo, mgongo ni wake kabisa. Hata lile bega lililoshuka. Nani alikuonyesha?"

Hakuna aliyemwonyesha. Ila kila asubuhi, mpaka baba alipofariki, Patasi alikuwa akipakiwa nyuma ya baiskeli yake kupelekwa kwa bibi, na alichokiona cha baba yake duniani, karibu chote, kilikuwa mgongo. Alizunguka nyuma ya sanamu, akapanga foleni pamoja na wageni, na zamu yake ilipofika alikaa pale mpaka waliomfuata wakaanza kukohoa.

Alimshukuru Mama Msifagie kwa siku moja na kumnunia kwa miaka thelathini na minane. Magazeti yaliandika habari za ukumbi kuliko za jiwe, na hilo angeweza kulimeza. Lililomkaa rohoni lilikuwa jingine. "Wewe unawaonyesha watu kitu ambacho mimi mwenyewe sijakiona," alimwambia. "Kazi ni yangu, na mimi ndiye wa mwisho kujua." Alikuwa akimfuata nyumbani kwao kumlalamikia hilo, Jumapili baada ya Jumapili, mpaka baba mwashi akauliza kama kijana huyu analalamika au anachumbia.

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 17 Agosti 1985. Bwana harusi alitoa sharti moja mbele ya wazee: "Nyumba apange. Siku zangu apange. Hata nguo zangu apange, zinahitaji. Kazi zangu asiziguse." Bibi harusi alikubali shingo upande. Tangu siku hiyo, kila jioni alipoweka nyundo chini, Bwana Patasi alichukua ufagio na kuifagia karakana yake kutoka ukuta mpaka ukuta. Mtaani alisifiwa. Wanawake walimtaja kwa waume zao kama mfano wa kuigwa. Ni mkewe tu aliyejua kwamba ufagio ule ulikuwa kufuli.

Mungu aliwajalia watoto wawili: binti, ambaye ni mwuguzi, na mvulana, fundi umeme, aliyeanza kwa kushikilia taa katika kumbi za mama yake na hajaziachia. Ilikuwa nyumba ya kelele na vicheko. Kila mwaka, tarehe ya ndoa yao, wakiwa wanakunywa chai, mke aliuliza, "Mwaka huu?" Mume akajibu, "Mwaka huu hapana." Kisha wakaendelea na mambo mengine. Watoto walikua wakidhani ni namna ya watu wazima kupongezana.

Mwaka 2019 miguu ilianza kumsaliti. Kwanza aliangusha kiatu bila kujua kwamba kimemtoka, jambo lililomchekesha sana, yeye kati ya watu wote. Madaktari walisema ni ugonjwa wa neva, unapanda kutoka chini, na hautarudi ulikotoka. Alipata kiti cha magurudumu mwaka uliofuata, na siku ya kwanza akalalamika kwamba sasa kila kitu duniani kimewekwa juu mno na watu wasiofikiri. Mikono nayo ilipoanza kutetemeka, alimpigia simu binti wa kaka yake.

Binti alifikiri amekuja kuuguza. Kumbe kazi yake ya kwanza ilikuwa kuuficha ufagio. Aliuficha nyuma ya pipa la maji. Jioni ile Bwana Patasi alitafuta, akaguna, akavua koti lake la kazi na kufagia kwa hilo. Siku ya pili koti lilikuwa limefuliwa na kuanikwa mbali. Alifagia kwa gunia. Asubuhi ya tatu alikaa mezani, akajimiminia chai na kuikoroga muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji.

"Huyu mtoto umemtoa huko kote aje kunifichia ufagio?"

"Nimemwita anichoree. Mikono yangu unaiona."

"Achore nini?"

"Ukumbi wako."

"Mwaka huu hapana," Bwana Patasi alisema, kwa mazoea, kama mtu anayeitikia hodi. Kisha akayasikia maneno yake mwenyewe. Mkewe aliendelea kunywa chai, kikombe amekishika kwa mikono miwili ili kisimwagike. Bwana Patasi alikitazama kile kikombe mpaka kikarudi mezani.

"Hata nikikubali," alisema, "utasoma nini? Magoti yangu yamekwisha. Siku hizi nakaa kwenye kigoda, jiwe ndilo linalozungushwa. Nenda ukaangalie, hakuna nyayo pale, kuna alama za miguu ya kigoda."

"Umekubali au hujakubali? Jibu moja moja."

"Nimekubali. Lakini hakuna cha kusoma."

"Basi nitembeze."

Karakana ile ilikuwa na kazi za maisha yake yote ambazo hazikuuzwa au hakutaka kuziuza, zimesimama huku na huko kama wageni wasiojuana. Vumbi jeupe lilikuwa limetanda chini. Safari hii halikuguswa. Bwana Patasi alishika mishikio ya kiti na kuanza kusukuma. Mwanzoni alipita haraka, kama mtu anayeonyesha nyumba anayoionea haya. Kwenye jiwe la tatu alisimama.

"Hapa nilikosea goti."

"Nililiona mwaka ule ule."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umeshafagia."

Baada ya hapo alipunguza mwendo. Alimsimamisha mkewe mbele ya kila kazi, akaona kwamba anapomsimamisha sipo, akamsogeza. Ili ajue anaona nini, ilimbidi ainame mpaka kichwa chake kiwe sambamba na chake. Na kila alipoinama alikawia kuinuka, kwa sababu kutoka chini pale kazi zake zilikuwa nyingine. "Hilo sikio sikulijua," alisema mahali pamoja. "Mimi nalijua," alijibu mkewe. "Tangu nikae humu naona masikio na pua za watu wote." Kuna jiwe walilobishania mpaka chai ya pili ikapoa. Kuna jingine, la mama yake akiwa ameshika pochi, walilolizunguka mara mbili.

Walipomaliza, binti wa kaka yake, aliyekuwa akitazama kutoka mlangoni, aliinua mguu kuwafuata ndani.

"Wewe," shangazi alisema, "simama hapo hapo."

Kwenye vumbi kulikuwa na njia: mistari miwili ya magurudumu na katikati yake nyayo za buti, ikipinda, ikisita, ikirudi, na kila penye sanamu nyayo zimetoka katikati ya mistari na kwenda kusimama kando ya gurudumu.

"Hizo si zangu," Bwana Patasi alisema. "Hizo ni zako. Mimi nilikuwa punda tu."

"Ni zetu. Kama unazo zako peke yako, zilete."

Hakuwa nazo.

Binti alizinakili kwa chaki na kamba, kisha kwenye karatasi. Mistari yake ilikuwa kama imechorwa ndani ya basi. "Umezunguka dunia nzima," shangazi alimwambia, "mstari ulionyooka hukuuona popote?" Alirudishwa mara nyingi, na kila alipokuwa akirudia, shangazi alikuwa na pumzi kidogo kuliko jana yake, na alizitumia zote kukosoa. Lilipatikana ghala la zamani la karatasi, lenye madirisha ya juu. Sanamu zote zilishushwa, zikae usawa wa macho ya mtu aliyeketi. Njia ilifanywa pana ya kupitisha watu wawili bega kwa bega, isiyo na kizingiti wala ngazi. Mtoto wao fundi umeme alifunga taa na kuzifungua tena mpaka mama yake alipoacha kutikisa kichwa. Kiangazi chote shaka ilikuwa moja, na kila mtu aliijua bila kuitaja: kama ghala litakuwa tayari wakati yeye bado yupo. Bwana Patasi, ambaye hakuwahi kumharakisha fundi yeyote maishani mwake, alikuwa akifika ghalani kabla ya wenye ghala.

Maonyesho yalifunguliwa Jumamosi, tarehe 3 Septemba 2022. Mama Msifagie alikuwepo, amevaa gauni la kijani, kiti chake kimewekwa kando ya mlango. Watu waliingia, na bila kuambiwa na yeyote wakaanza kutembea wawili wawili. Penye sanamu mmoja aliinama ili aone anachokiona mwenzake, kisha wakabadilishana. Watu waliokuja peke yao walijikuta wanamwinamia mtu wasiyemjua na kumwuliza, "Unaona nini hapo?" Kulikuwa na kelele ukumbini kama sokoni, kelele za watu wanaobishana kuhusu masikio na magoti.

Bwana Patasi alipita akiwaambia wageni kwamba ramani ya mahali pale ni miguu yake mwenyewe. Mkewe alimsikia na hakumsahihisha. Mwandishi wa gazeti alipofika mlangoni na kumwuliza mama aliyeketi ni nani aliyeupanga ukumbi huu, yeye alimwonyesha mzee kwa kidevu.

"Anakutania," Bwana Patasi alisema, akiwa amesogea. "Ni yeye. Mimi nilisukuma tu."

Mama Msifagie alivaa miwani yake ili amwone vizuri. Waliokuwa karibu wanasema hakuna ukumbi wake wowote uliowahi kumtoa tabasamu la namna ile.

Aliishi wiki mbili na siku chache baada ya hapo, akiwa nyumbani, akitaka aletewe kila jioni habari za mabishano ya siku hiyo. Asubuhi ya Jumatano, tarehe 21 Septemba 2022, aliamka na kuuliza kama ukumbi umefunguliwa. Aliambiwa bado, ni mapema. "Basi nangoja," alisema. Bwana Patasi alikaa kwenye kigoda kando ya kitanda na kumshika mkono. Alifariki muda mfupi baada ya milango kufunguliwa, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa.

Ameacha mume, Bwana Patasi; binti yake mwuguzi, aliyemhudumia hadi mwisho; mtoto wake wa kiume, fundi umeme; wajukuu watatu, ambao mdogo wao amerithi tabia ya kuwatazama watu kuanzia miguuni; kaka yake wa pekee; binti wa kaka huyo; na wachongaji wengi ambao walikuwa wakimwita dada, shangazi au mama kulingana na umri wao, na ambao wote aliwakemea sawa.

Aliacha agizo moja kuhusu siku ya leo. Ukumbi usifungwe. "Mtu ametoka kwake kuja kutazama, akute kufuli kwa sababu yangu? Aliyekufa ni mimi. Mawe ya mume wangu yana siku ngapi tangu yaanze kutazamwa?" Aliulizwa ni nani basi atakaa mlangoni, akamtaja aliyeandika wasifu huu. Ndiyo maana hayupo hapa makaburini, na baba yake ndiye anayeusoma, pamoja na mistari hii ya mwisho aliyotumiwa kwenye simu sasa hivi. Msafara ulipopita mbele ya ghala la karatasi ukimpeleka shangazi yake, yeye alisimama mlangoni mpaka gari la mwisho lilipokata kona. Kisha akageuka, kwa sababu wageni wawili walikuwa wameshafika na walitaka kujua waanzie wapi.

Mama Msifagie amekwenda. Na apumzike kwa amani huko alikofika, yeye aliyetumia maisha yake kuwatafutia wengine mahali pa kusimama.